Salamu Zilizokunjwa

Asubuhi ile Baraza, mtandao wao wa ujumbe wa kazini, ilipovaa sura mpya, Mwantumu Njiku aliandika shikamoo kwa wakubwa wake na habari za asubuhi kwa wenzake wote, kisha akakaa akisubiri.  Kioo cha meza yake kilikuwa cheupe kama sahani iliyolambwa. Ule ukurasa mrefu aliouzoea, ambamo maneno ya watu yalishuka moja baada ya jingine, haukuwepo. Badala yake kulikuwa na vigae vya rangi vilivyosogea vyenyewe. Chenye haraka kilikuja mbele, na kisicho na haraka kilirudi nyuma. Chini kabisa, pembeni, kulikuwa na doa la kijivu lisilozidi punje ya ulezi.

"Mbona hakuna anayeniitikia?" aliuliza kwa sauti.

Ambakisye, fundi wa mawasiliano, alikuwa anapita meza hadi meza akiwaelekeza watu. Aliinama, akagusa lile doa kwa ncha ya kucha.

"Wamekuitikia, dada. Na wewe umewaitikia. Yote yamo humu."

"Mimi nimemwitikia nani? Sijagusa kitu."

"Msaidizi wa Baraza ameitikia kwa jina lako. Amesoma ulivyoandika miaka yote, anajua unavyosalimiana na kila mtu. Salamu zinakunjwa, kazi inabaki juu."

"Salamu siyo shuka, Ambakisye. Hazikunjwi."

Ambakisye alicheka, naye Mwantumu akacheka, lakini wote wawili walijua sababu ya mabadiliko yale, na sababu yenyewe haikuwa ya kuchekesha.

Mamlaka ya Mawingu ilikuwa na makao yake Singida mjini, na kazi yake ilikuwa kuchunga mawingu kama mtu anavyochunga ng'ombe. Juu ya milima ya kanda ya kati walikaa waangalizi, kila mmoja na kituo chake, wakiitazama mbingu kwa macho na kwa rada. Mwangalizi akiona wingu aliandika kwenye Baraza, na mchungaji wa zamu, ambaye mara nyingi alikuwa Mwantumu, aliachia droni zikaliswage. Wingu la mvua njema lilisukumwa hadi kwenye mashamba makavu. Lenye mawe lilinyunyiziwa chumvi laini tumboni, liteme maji kabla mawe hayajakomaa. Ukichelewa kidogo tu, wingu limeshavunja zizi.

Mwaka uliotangulia, mwangalizi mmoja mwenye adabu zake aliamka akaandika: habari za asubuhi, poleni na majukumu, sisi huku hatujambo, mtoto aliyekuwa anaumwa tumbo amepata nafuu, ila kuna wingu. Neno "wingu" lilikuwa mwisho wa aya. Aliyekuwa zamu alipolifikia, mawe yalikuwa yameshashuka juu ya vitunguu vya kijiji kizima. Mwantumu alikuwemo kwenye msafara uliokwenda kutoa pole. Aliwakuta wanawake wameinama wakiokota vitunguu vilivyopondeka na kuvitia ndooni bila kusema neno. Kwa hiyo Baraza ilipoanza kukunja salamu, alinung'unika kidogo kisha akanyamaza. Hakuwa na hoja ya kuwapa wanawake wale.

Miezi ya mwanzo ilimsumbua. Kidole chake kiliendelea kwenda kona ya kulia kutafuta kitufe kilichohama, kama mtu anayepapasa swichi ya taa kwenye nyumba aliyohamia jana. Lakini siku moja katikati ya masika kigae chekundu kiliruka mbele ya vingine vyote. Kilitoka kituo cha Mlima Hanang, kwa mzee Tluway Akonaay: *Wingu kubwa. Lina mawe. Linaelekea kwenye alizeti.* Maneno hayo tu. Kabla hajamaliza kuvuta pumzi, droni zilikuwa hewani. Wingu lilinyunyiziwa, likatoa mngurumo mmoja wa hasira, likayeyuka kuwa mvua ya kawaida. Alizeti zililowa, hazikuvunjika. Ofisi nzima ilipiga makofi, na Mwantumu akaupapasa ukingo wa kioo chake kama mtu anayemsamehe ndama mkorofi.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Alikuwa amepata nafuu. Kwa miaka mingi watu wa Mamlaka walimletea shida zao, kwa sababu alijua kusema neno likaingia. Mwenye mgonjwa alimwandikia, aliyeachwa na mume alimwandikia, na yeye aliwajibu wote kabla hajagusa kazi. Hata alipomzika dada yake, alirudi ofisini akaendelea kuwapa watu pole zao huku ya kwake ikikosa mahali pa kutua. Sasa alifika, akaketi, akanywa chai yake ikiwa bado ya moto. Lile doa la kijivu hakuligusa tena.

* * *

Masika yalipokwisha, mzee Tluway Akonaay alishuka kutoka mlimani kuja kupimwa macho. Yeye na Mwantumu walikuwa wamefanya kazi pamoja kwa Baraza tangu nywele za Mwantumu zikiwa nyeusi zote, wala hawakuwahi kuonana. Mwantumu alijua tu kwamba ni Mwiraqw, kwamba alizaliwa siku ya mvua akapewa jina la mvua, na kwamba hakuna mtu anayelijua wingu kama yeye.

Aliingia ofisini amevaa koti la sufu lililochanika kiwiko, mkononi ana galoni dogo la asali. Alisimama mlangoni akikodoa macho yake mabovu.

"Mwantumu ni yupi?"

"Ni mimi, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba. Marahaba, mwanangu." Alimpa mkono na hakuuachia. Kisha akawageukia waliokuwa ofisini. "Ninyi mnaokaa na huyu, mnamjua? Nilipofiwa na mke wangu, watu walikuja, wakakaa matanga, wakaondoka. Siwalaumu, kila mtu ana kwake. Huyu hakuondoka. Kila asubuhi: mzee, umelala? Mzee, umetia kitu tumboni? Nikamwambia mdomo hauna ladha. Akaniambia, kula hivyo hivyo, mwili unakumbuka njaa hata moyo ukiisahau. Siku ile ndiyo nilikunywa uji. Huyu ndiye aliyeninywesha uji."

Watu walishangilia. Mtu wa ghala, Pendaeli, alifuta machozi kwa upindo wa kanga.

Mwantumu alikuwa ameganda. Alitabasamu kwa sababu uso wake ulizoea kutabasamu, lakini ndani alikuwa anatafuta, anapekua, na hakuona kitu. Mzee alifiwa? Alifiwa lini? Alikumbuka kigae kidogo cha kijivu, siku fulani za mvua: *Hanang: mwangalizi wa muda.* Alidhani mzee yuko likizo.

"Pole sana, mzee wangu," alisema.

"Nimeshapoa, mwanangu. Ulinipoza wewe." Mzee alimpa lile galoni. "Na sikia. Binti yangu Theodosia anataka nikahamie kwake Babati. Ofisi nayo inasema naweza kustaafu. Nimekataa. Nimemwambia, mlimani mimi sikai peke yangu, nina mtu wa kuamkiana naye. Kesho asubuhi natia saini mkataba mpya, nipandishe zangu mlima."

* * *

Mzee alipokwenda hospitali, Mwantumu aliligusa lile doa. Likafunguka kama mdomo wa kiroba, salamu za miezi zikamwagika kiooni. Alitafuta za Hanang.

*Shikamoo mzee wangu, umeamkaje?* Iliandikwa kwa jina lake Mwantumu.

*Marahaba. Sijambo kidogo tu. Mama watoto hajaamka vizuri.*

Mwantumu alifumba macho. Nani asiyejua maana ya sijambo kidogo? Mtoto wa darasa la kwanza anajua. Mtu akikuambia hajambo kidogo unaweka chini ulichoshika, unauliza kuna nini. Alifumbua macho akaendelea. Siku zilizofuata mgonjwa alipelekwa hospitali, akarudishwa, akalazwa tena. Halafu: *Mwanangu, mwenzangu ametutoka.* Na chini yake, bila kukawia, jina lake lilikuwa limejibu: *Innalillahi. Pole sana mzee wangu. Sina la kukuambia likatosha, ila niko hapa.*

Niko hapa. Siku ile alikuwa wapi? Pengine alikuwa papa hapa, kwenye kiti hiki, anakunywa chai.

Alimwita Ambakisye. Kijana alisoma akiwa amesimama, kisha akavuta kiti.

"Kwa nini halikuja juu?" Mwantumu aliuliza. "Mtu anasema amefiwa, linabaki chini na habari za asubuhi?"

Ambakisye alikuna shingo. "Mfumo unapima ujumbe kwa uzito wa wingu, dada. Ukitaja mvua, upepo, mawe, rada, unapanda. Visivyo na wingu vyote vinahesabiwa salamu. Hatukufikiria..." 

"Kwa hiyo kifo ni salamu."

"Kwa mfumo, ndiyo."

"Na maneno haya? Mwili unakumbuka njaa. Hili silo la mashine. Hili nilimwandikia Pendaeli mwaka aliomzika mwanawe."

"Ndivyo anavyofanya kazi Msaidizi. Hatungi, anachota kwako." Ambakisye alimtazama kwa huruma. "Basi yale ni yako, dada. Ungekuwa umeusoma ujumbe ungemwambia hayo hayo. Labda neno kwa neno."

"Ningemwambia, ndiyo. Lakini sikumwambia."

 Nje ya dirisha droni moja ilitua juu ya paa kwa mlio wa mende.

"Nikushauri?" alisema Ambakisye. "Namzima Msaidizi wako kuanzia leo. Kesho unaanza mwenyewe kumwamkia mzee, kila siku, kwa mkono wako. Hatajua tofauti. Uongo utageuka kweli, na hakuna atakayeumia."

Ushauri ulikuwa mtamu, na Mwantumu aliuonja. Alimwona mzee akipanda mlima na furaha yake, akaamka asubuhi, akakuta salamu, safari hii ya kweli. Nani angepungukiwa? Lakini kila alipofika hapo alimwona pia akitia saini. Alimwona akimwambia binti yake hapana kwa miaka mingine, akikaa kule kwenye baridi na macho yanayofifia, kwa sababu ya mtu ambaye hata habari za msiba hakuwa nazo. Pole aliyopewa ilikuwa imeshamfanyia kazi, hakuna wa kumnyang'anya. Miaka iliyobaki, hiyo ilikuwa ya kwake mwenyewe kuipanga, na alikuwa anaipanga gizani.

"Mzime Msaidizi," alisema. "Lakini nitamwambia."

"Utamvunja moyo, dada."

"Najua."

* * *

Alimkuta mgahawani asubuhi, mbele ya kikombe cha maziwa, amevaa miwani mipya iliyomfanya aonekane kama mwalimu mkuu. Mwantumu aliketi mkabala naye. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, na yote yakamtoka.

"Mzee wangu, kabla hujakwenda kutia saini. Zile salamu za asubuhi siyo mimi niliyeziandika."

Mzee alitabasamu akidhani ni utani. "Ni nani basi?"

"Ni Baraza. Ilipobadilishwa iliwekewa Msaidizi wa kujibu salamu kwa majina yetu. Mimi sikuzisoma. Sikujua kama mama anaumwa. Sikujua kama amefariki. Nimejua jana, uliposema mbele ya watu."

Tabasamu lilibaki usoni kwa muda, kama taa ambayo mwenye nyumba amesahau kuizima. Kisha likaondoka.

"Uliposema niko hapa?"

"Sikuwepo."

"Nilipokuambia nimeshindwa kutandua kitanda chake?"

Ujumbe huo Mwantumu alikuwa ameusoma jana, mara nyingi kuliko mwingine wowote. "Sikuwepo, mzee wangu. Maneno ni yangu, niliwahi kuwaambia watu wengine. Mashine iliyachota ikakupa. Ningeweza kunyamaza, lakini unakataa kwenda kwa mwanao kwa sababu yangu, na mimi sikuwa mtu wa kukataliwa mwana."

Mzee Tluway alivua miwani akaifuta kwa pindo la koti, polepole, kioo kimoja kisha kingine. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nimekula chakula kwenye nyumba ambayo mwenyewe amelala."

"Nisamehe."

"Nilikisifia. Mbele ya watu wote wale nilikisifia."

Aliinuka. Hakupandisha sauti, hakutukana. Alisukuma kiti mahali pake kwa adabu, akatoka, na siku hiyo hiyo akapanda gari la kwenda Katesh. Ofisi ya utumishi ilimsubiri na mkataba wake hadi jioni.

* * *

Tangu siku ile vigae vya Hanang, ambako mzee alikuwa anamalizia mkataba wake wa zamani, vilikuja vikavu. *Wingu. Magharibi. Halina mawe.* Kazi ilikwenda vizuri, hakuna aliyeweza kulalamika. Mwantumu, ambaye sasa hakuwa na Msaidizi, alianza kuandika salamu zake mwenyewe. Ilimchosha. Mkuu wa zamu alimuuliza kwa nini anajirudisha enzi za zamani, akajibu kwamba salamu anaziandika kabla ya zamu kuanza, na wingu lolote halitamsubiri. Ambakisye, bila kutumwa na mtu, alianza kuchezea mizani ya mfumo, ili neno kama "amefariki" au "amelazwa" lisizame tena kwenye doa.

Mwantumu alimwandikia mzee: *Shikamoo mzee wangu, umeamkaje?*

Jibu lilikuja kabla hajaondoa kidole kiooni: *Marahaba mwanangu. Huku kwema, tunamshukuru Mungu.*

Moyo ulimruka kwa furaha, kisha ukatulia. Mzee mwenye macho yale hawezi kuandika kwa kasi ile; sasa naye alikuwa amemwachia Msaidizi amjibie. Aliandika tena kesho yake, na keshokutwa, na majibu yalikuja vivyo hivyo, ya papo kwa papo, yenye upole wote wa mzee Tluway na bila mzee Tluway ndani yake. Mwantumu aliyatazama yale maneno mazuri akajua sasa yalivyo upande wa pili.

Hakuandika tena. Aliomba likizo, akanunua sukari, mchele na doti ya kanga, akaenda.

Kutoka Katesh alipelekwa na pikipiki ya umeme hadi njia ilipokwisha, akapanda kwa miguu, akipumzika kila penye jiwe. Nyumba ya mzee ilikuwa chini kidogo ya kituo, ya tofali, na nyuma yake kipande cha shamba la maharage. Mzee alikuwa uani anachanja kuni. Aliinua uso, akamwona mwanamke ananing'iniza mfuko huku anahema, akaliweka shoka chini.

"Nani amekuleta?"

"Nimekuja mwenyewe. Shikamoo, mzee wangu. Nimekuja kuhani. Nimechelewa sana."

Mzee hakuitika. Alitazama viatu vyake vya mjini vilivyojaa matope, akatazama mfuko, kisha akageuka akaanza kutembea kuelekea shambani. Mwantumu alisimama akidhani amefukuzwa. Baada ya hatua chache mzee alisita akamngoja, naye akafuata.

Kaburi lilikuwa mpakani mwa maharage, limezungushiwa mawe, magugu yameanza kuota ubavuni. Mwantumu aliinua viganja akaomba dua yake kimoyomoyo. Alipomaliza, alifungua mdomo amwambie mzee neno, na hapo akapatwa na kitu ambacho hakikuwahi kumpata maishani. Kila neno la pole alilolijua, mashine ilikuwa imeshalitumia. Mungu ampumzishe, lilishasemwa. Kazi ya Mungu haina makosa, lilishasemwa. Alisimama pale, fundi wa maneno, mikono mitupu.

Akapiga magoti akaanza kung'oa magugu.

 Mzee naye akainama kwa shida, akang'oa upande wa pili. Walifanya kazi mpaka ubavu wa kaburi ukabaki udongo mtupu.

"Theodosia anakuja kunichukua tukishavuna," alisema mzee, macho yakiwa kwenye udongo. "Nashuka Babati."

"Kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu uliniambia upande wa pili hapakuwa na mtu. Nilikasirika, mwanangu, sikufichi. Nilikaa hapa nikakasirika mpaka nikachoka. Halafu nikajiuliza, ikiwa sauti tu ilinitosha kiasi kile, basi njaa yangu ya mtu ni kubwa kuliko ninavyojiambia." Alijifuta mikono kwenye suruali. "Lakini kula, nilikula. Hilo nalo ni kweli. Ningekufa."

Mwantumu alitikisa kichwa. Kilichomtoka halafu hakikuwa kitu alichokipanga.

"Mzee, mimi hata jina lake silijui. Nimesoma zile salamu zote. Hakuna siku ambayo mashine ilikuuliza jina lake."

 Upepo ulilaza maharage upande mmoja ukayaacha.

"Basilisa," alisema mzee.

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Basilisa?" Alijishusha akaketi juu ya jiwe, akanyoosha mguu mmoja. "Alikuwa anaimba kwaya. Miaka yote aliimba kwaya, na hajui kuimba. Hajui kabisa. Padri alimwomba kwa heshima ahamie kwenye kupamba altare, akamwambia, Baba, maua ninayapenda, lakini Mungu sauti hii ndiye aliyeitengeneza, acha aisikie mwenyewe." Mabega ya mzee yalianza kutikisika. "Kila Jumapili kanisa zima likawa linamsubiri pale kwenye ile sauti ya juu. Watoto wameshika matumbo. Na yeye anaipanda, anaipanda, kama mbuzi anayepanda ukuta..."

Mwantumu aliangua kicheko. Kilimtoka kikubwa, pale kando ya kaburi, kabla hajajiuliza kama kinafaa. Alijiziba mdomo kwa kiganja chenye udongo, lakini mzee naye alikuwa anacheka, machozi yanamtiririka chini ya miwani mipya, akimwashiria kwa mkono asijizuie, ngoja, bado hajamaliza.